Chombo Kisichosuuzwa

Sikudhani Kobelo aligoma kukaa kwenye kiti siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, mbele ya wenzake thelathini na tisa ambao tayari walikuwa wamefungwa mikanda ya kichwa na kufumba macho. Hakupiga kelele. Alisimama kando ya kiti namba kumi na saba, mikono ameificha ndani ya kanga, na Tegemea, msimamizi wa zamu, alipomwambia akae, alijibu kwamba hakai mpaka aletwe mtu aliyeutengeneza mtambo.

Mtu huyo alikuwa Eliwaza Mshana. Alishuka kutoka ghorofa ya pili na kikombe chake cha kahawa mkononi, akidhani mkanda umelegea au sponji yake imekauka, mambo ya kawaida. Alikuwa mhandisi wa ghala kwa mwaka wa tano sasa, na ukumbi ule wa viti arobaini hapo Morogoro aliujua kwa namba za viti kuliko kwa majina ya watu. Jina la Sikudhani alilisoma kwenye kitambulisho.

"Shida nini, dada?" aliuliza.

Sikudhani alitoa mikono. Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko, vidole vimepasuka kwenye maungio, na harufu ya dawa ya kutolea madoa ya nguo ilimfikia Eliwaza kabla hajasogea.

"Naosha mara ishirini kwa siku, mhandisi. Haitoki."

"Nini haitoki?"

"Pumzi ya mzee wa watu."

Walikwenda kukaa kwenye chumba cha chai, na huko Sikudhani akaeleza polepole, macho ameyaelekeza ukutani. Alikuwa na mama yake nyumbani, aliyepigwa na kiharusi, hageuki kitandani bila kugeuzwa. Miezi minne sasa, kila akishika mto ili amwekee mama yake mgongoni, mikono ilikuwa inakumbuka jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya. Ilikuwa inakandamiza. Chini ya kitambaa alihisi mfupa wa pua, kisha mdomo unaofunguka, kisha pumzi ya moto na yenye unyevu ikipenya kwenye pamba mpaka kiganjani. Ndevu fupi za mtu asiyenyolewa siku nyingi. Halafu kimya. Wiki iliyopita alizinduka amekumbatia mto kifuani kwake, ameubana kwa nguvu zote, na mama yake anamtazama kutoka kitandani kwa jicho lile moja linalofanya kazi. Tangu siku hiyo hamgusi. Amemwomba binti wa jirani awe anakuja kumgeuza, na binti huja anapokumbuka.

Eliwaza alikiweka kikombe chake mezani na hakukishika tena.

*

Mguso ulikuwa mtandao wa kubeba hisia, si sauti wala picha. Daktari aliyeko Muheza aliweza kuhisi kwa vidole vyake tumbo la mjamzito aliyeko Tunduru. Mume aliyekuwa melini aliweza kuhisi uzito wa mtoto wake akilala begani. Lakini hisia haikubali kukaa kwenye mashine. Ikitoka kwenye mishipa ya fahamu ya mtu inaharibika papo hapo, na njia ya kuelekea kwa mpokeaji haiwi wazi kila wakati. Ilibidi pawe na mahali pa kuiweka kwa sekunde chache huku ikingoja zamu yake, na mahali pekee palipofaa palikuwa ndani ya kichwa kingine kilicho hai.

Ndiyo maana ya ukumbi. Kwenye karatasi za kampuni watu wale waliitwa watunzaji. Wenyewe walijiita mitungi. Kila mmoja alikaa saa sita akisinzia, na kipande kidogo cha ubongo wake kikawa chombo chenye nafasi ya sekunde thelathini. Hisia ilipofika, mtambo uliazima chombo kimoja kutoka ghalani, ukakijaza, mpokeaji akakisoma, chombo kikasuuzwa kwa mawimbi laini, kikarudishwa ghalani kungoja kuazimwa tena. Hakuna hisia iliyotengenezewa chombo kipya. Vilikuwa vilevile arobaini, vikizunguka mara elfu kadhaa kwa siku, na watunzaji waliahidiwa kwamba hawatahisi chochote.

Kusuuza kulichukua sekunde tisa. Miaka mitatu iliyopita foleni ilianza kufika dakika nne, na daktari mwenye mgonjwa anayetoka damu hawezi kungoja dakika nne. Eliwaza ndiye aliyepata dawa. Kwa nini kukiosha chombo ambacho kitajazwa tena sasa hivi? Hisia mpya itaifunika ya zamani. Inatosha kubadilisha lebo tu, kuandika kwamba chombo ni kitupu, na kukirudisha. Mistari sita ya maagizo. Foleni ikaisha siku hiyohiyo, na kwenye mkutano wa wafanyakazi walimpigia makofi.

Jumanne ile aliifungua tena mistari yake sita na kuisoma kama mtu anayenusa chakula alichokwisha kukila.

Hisia ya sekunde tano hufunika sekunde tano za mwanzo tu. Ishirini na tano zilizobaki hukaa vilevile zilivyokuwa. Mpokeaji husoma mpaka kwenye alama ya mwisho wa hisia yake, hivyo yeye alipata kilicho chake, kisafi, na katika miaka mitatu hakuna mpokeaji hata mmoja aliyelalamika. Uchafu ulibaki chomboni, na chombo kilikuwa mtu, aliyevua mkanda jioni na kwenda nao nyumbani.

Alipitisha saa mbili akizungumza na watunzaji wengine walipotoka kwa mapumziko, mmoja mmoja. Mwanzoni walikana. Halafu mzee mmoja wa kiti cha tatu akasema kwamba kila akilamba ufizi anahisi shimo la jino lililong'olewa, lenye usaha mtamu, wakati meno yake yote yapo. Mama wa kiti cha ishirini na mbili alikuwa na ulimi wa mwanamume asiyemjua, unaomjia mdomoni kila akinywa maji, na alikuwa ameacha kunywa maji mbele ya mumewe. Mwingine alikuwa na matapishi ya mtu fulani ambayo hayajawahi kumtoka, yamemkaa kooni mwezi mzima. Kila mmoja alidhani ni ugonjwa wake binafsi, na kila mmoja aliona aibu kuusema.

Baada ya hapo Eliwaza alikwenda msalani, akafungua bomba, akasimama mbele yake bila kuosha chochote.

Daftari la maazimo lilimwonyesha kiti namba kumi na saba. Miezi minne nyuma, tarehe kumi na nne, saa kumi alasiri, kilijazwa hisia ya sekunde thelathini kamili. Mtumaji alikuwa mtu wa Singida aitwaye Yeremia Ntandu. Mpokeaji alikuwa na jina hilohilo la ukoo, yuko ng'ambo. Baada ya hapo kiti kile hakikupokea kitu kirefu kuliko sekunde kumi na moja. Kwa hiyo sekunde kumi na tisa za mwisho za Yeremia Ntandu zilikuwa hazijafunikwa hata mara moja. Zilikuwa zinatikiswa tu, kila chombo kilipoazimwa, kama mashapo.

Kumtafuta marehemu hakukumchukua muda. Tangazo la msiba lilikuwa bado lipo: mzee Ntandu, miaka themanini na moja, amefariki nyumbani kwa pumu, tarehe kumi na nne, ameacha watoto wawili wa kiume.

*

Bwana Dilunga, mkurugenzi, alikuwa mtu msafi. Shati lake halikuwa na mkunjo, na juu ya meza yake palikuwa na chupa ya kitakasa mikono aliyoibonyeza kila mgeni alipotoka. Alimsikiliza Eliwaza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema amefanya vizuri kuja kwake moja kwa moja, na kwamba saa nane mchana watu wote arobaini watapitishwa kwenye suuza ya kina, ile inayofika mpaka chini kabisa ya chombo, na kuanzia leo zile sekunde tisa zinarudi, foleni iwe itakavyokuwa.

Eliwaza alihisi mwili wake ukilegea kwa nafuu. Aliuliza kuhusu habari ya Singida.

"Habari ipi ya Singida?"

"Kuna mtu ameuawa, bosi. Ushahidi uko kwenye kichwa cha dada Sikudhani. Hauko kwingine popote."

Dilunga aliisogeza chupa yake kidogo, ikae sawa na ukingo wa meza. Alizungumza kwa upole, kama anayemshauri mtoto wa ndugu yake. Alisema kile ni kitu ambacho hawakupaswa kukiona. Wakikitaja, watakuwa wanauambia ulimwengu kwamba mitungi yao inakumbuka, na kesho hakuna mjamzito wa Tunduru atakayekubali kushikwa tumbo kupitia kwao. Watakaokufa kwa hilo watakuwa wengi kuliko mzee mmoja ambaye tayari yuko kaburini.

"Na ile mistari ina jina lako, Eliwaza," aliongeza. "Ikishasuuzwa, hakuna atakayeitafuta. Nakufikiria wewe."

Akabonyeza chupa, akasugua viganja, na Eliwaza akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Alipofika kwenye ngazi aligundua kitu kilichomtia kinyaa kuliko jino la yule mzee na ulimi wa yule mama. Aligundua kwamba alikuwa amefurahi. Sehemu fulani ndani yake ilikuwa imeshaanza kuhesabu saa zilizobaki mpaka saa nane.

Ghala lilikuwa na kanuni moja ya zamani kuliko yeye: chombo hakisuuzwi wala hakirudishwi kama kuna mtu bado anakishika. Mtambo huandika majina ya washikaji wa kila chombo, na mpaka jina la mwisho lifutwe, chombo hakiguswi. Saa saba na nusu, kabla moyo wake haujabadilika, Eliwaza aliandika jina lake kama mshikaji wa kiti namba kumi na saba.

Saa nane taa za viti thelathini na tisa zikageuka kijani, moja baada ya nyingine. Ya kumi na saba ilibaki ya njano.

*

Watu walitoka ukumbini kama waliotoka kuoga mtoni. Mama wa kiti cha ishirini na mbili alikunywa bilauri tatu za maji mfululizo akasimama akicheka peke yake, maji yanamchuruzika kidevuni. Yule mzee alikuwa anajilamba meno. Sikudhani alikuja moja kwa moja hadi mezani kwa Eliwaza, mikono imo ndani ya kanga.

"Wote wameoshwa," alisema. "Tegemea ananiambia mimi nimeshikwa. Ameona jina lako."

Eliwaza alimweleza yote. Alimwambia jina la mtumaji, tarehe, tangazo la msiba. Alimwambia kuna mpelelezi mkoani, Inspekta Kilumile, ambaye ana mtambo wa kusomea hisia kisheria, lakini hisia lazima isomwe kutoka kwa mtu aliye hai, mara tatu kwa siku tatu tofauti, ndipo mahakama iikubali. Na kila ikisomwa, aliyeibeba huihisi upya, nzima, kama mara ya kwanza. Alisema yote haya kwa sauti nzuri ya kuomba, na alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kujisikia kama Dilunga.

Sikudhani alimwacha amalize.

"Uliniuliza?"

Sikudhani hakungoja jibu.

"Kwanza mlinijaza bila kuniambia. Sasa mmenifunga nisimwagwe, bila kuniuliza. Mama yangu ana kidonda mgongoni, mhandisi. Kimeanza kutoa maji. Kina harufu. Ni kwa sababu simgeuzi, na simgeuzi kwa sababu ninaiogopa mikono hii. Huyo mzee wa Singida namwonea huruma, Mungu anajua. Lakini amekufa. Mama yangu anaoza akiwa hai."

Lilikuwa neno moja tu la kufuta, jina lake. Eliwaza aliitazama taa ya njano kwenye kioo cha kompyuta yake. Akilifuta, Sikudhani atakwenda nyumbani akiwa na mikono yake mwenyewe. Yeremia Ntandu atabaki mtoto aliyefiwa na baba. Na mistari sita itakuwa mistari tu ambayo mtu fulani aliiandika zamani ikarekebishwa. Kila mtu angekuwa msafi. Hilo ndilo lililomchefua, jinsi usafi ule ulivyokuwa karibu na rahisi.

Alimwomba Tegemea aandae viti viwili.

Hakuna mhandisi aliyewahi kukaa kwenye kiti. Haikukatazwa, hakuna tu aliyetaka. Sasa Eliwaza alikaa namba kumi na nane, Sikudhani kando yake namba kumi na saba, na Tegemea akamfunga mkanda. Sponji ilikuwa na unyevu na vuguvugu la kichwa cha mtu aliyetoka hapo. Ilinuka mafuta ya nywele ya watu wengi, jasho la watu wengi, na kitu kingine kilichochacha, na ilimgusa paji la uso kama ulimi. Miaka mitano alikuwa akiwaambia watu kwamba ni kama kuvaa kofia.

"Nakili kutoka kumi na saba kwenda kumi na nane," alimwambia Tegemea. "Ukiona imefika, futa jina langu kwake, kisha umsuuze yeye mpaka chini. Mimi usiniguse."

Tegemea aliuliza kama ana uhakika. Eliwaza alimwambia afanye haraka.

Ilimjia kwanza mikononi. Kitambaa cha mto kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni ya mche, bado kikavu kwenye kingo, na katikati kinalowa. Pua ilikuwa imelala upande chini ya kiganja chake cha kulia. Kiganja cha mkono fulani, chepesi mno, kilikuwa kinampapasa kwenye mkono, bila nguvu, karibu kwa adabu, kama mtu anayemgusa mwenzake kumwamsha. Alihisi tumbo lake yeye, ambalo halikuwa lake, nene, limeegemea ubao wa kitanda. Alihisi jasho likimtiririka kwenye sikio. Pumzi ya mwisho ilipenya kwenye pamba ikamlowesha kiganja, na ilikuwa na harufu ya dawa na ugali uliolala. Mkono uliokuwa ukimpapasa ukateleza ukaanguka. Akaendelea kukandamiza. Zilikuwa zimebaki sekunde sita, na katika hizo sita ndipo kilipokuja kile ambacho Sikudhani hakukisema pale chumba cha chai, na Eliwaza akaelewa kwa nini alikuwa akitazama ukuta.

Alipofungua macho alikuwa ameshatapika kwenye mapaja yake.

Kando yake taa ilikuwa ya kijani. Sikudhani alikuwa ameinua mikono mbele ya uso, anaigeuza mbele na nyuma, michubuko na mipasuko na yote. Alishika ukingo wa kanga akaukunja, akaukunjua. Kisha akasimama, akamwuliza Tegemea saa ngapi, na aliposikia ni saa tisa na robo akasema anawahi nyumbani kabla binti wa jirani hajaja, leo atamgeuza mwenyewe. Hakumshukuru Eliwaza wala kumuaga. Eliwaza aliona hivyo ni sawa. Shukrani ingemtapisha tena.

*

Dilunga alimsimamisha kazi jioni ileile kwa barua fupi isiyo na kosa la tahajia. Mtandao wenyewe haukufa. Kampuni ilitangaza kwamba kulikuwa na hitilafu katika urejeshaji wa vyombo na kwamba imerekebishwa, na foleni ikarudi dakika nne, na kwa sababu ya zile dakika kampuni ikaongeza ukumbi wa pili.

Inspekta Kilumile alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani, ofisi yake ina dirisha moja na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Alimsoma Eliwaza siku ya Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu. Jumatatu hiyo habari ilikuwa imeshafika kutoka Singida: kaburi limefukuliwa, daktari ameona alichokiona, na Yeremia Ntandu amekamatwa akiwa sokoni. Anasema alichanganyikiwa. Anasema baba yake aliteseka sana usiku na mchana, na kwamba alikuwa anamweka mto vizuri tu, kisha akaingiwa na hofu, hakumbuki. Kaka yake wa ng'ambo anasema hakupokea kitu.

Eliwaza alikuwa anakula kwa kijiko siku hizo, hata ugali, ili asione vidole vyake vikiingia mdomoni. Alikuwa analala bila mto.

Baada ya kusoma mara ya tatu, Kilumile alizima mtambo na kumpa kitambaa cha kujifutia uso. Alisema mtambo unaonyesha mikono, mgandamizo, muda. Hauonyeshi vizuri kilichokuwa moyoni. Hapo sheria inamtegemea aliyeibeba aseme kwa mdomo wake. Wakili wa Ntandu atasema ni hofu, na hofu na kukusudia kuua ni mashitaka mawili tofauti. Akachukua kalamu.

"Sekunde zile sita za mwisho," alisema. "Baada ya mzee kutulia. Huyu mtu alihisi nini?"

Nje kulikuwa na mtu anafagia uani, ufagio unakwaruza saruji. Eliwaza alifikiri kusema hofu. Ingekuwa rahisi kuisema, na ingemruhusu aiweke mikono yake juu ya meza.

"Raha," alisema. "Alihisi raha. Ilianzia kifuani ikashuka mpaka miguuni, tamu, kama mtu aliyeshikwa na mkojo siku nzima akapata pa kujisaidia. Hakuwa na hofu hata kidogo. Aliendelea kukandamiza kwa sababu hakutaka iishe."

Kalamu ilikwenda, ikasimama.

"Na wewe ulihisi hivyohivyo?"

"Mara nne," Eliwaza alisema. "Kila mara."

Kilumile aliandika hilo pia, akapiga mstari chini yake. Kisha, pengine bila kujua anafanya nini, akakivuta kiti chake nyuma kidogo.